Sura Mpya, Mlima Uleule

Novemba 2022, kampuni ya Toyota ilipoifunua Prius ya toleo la tano, haikuficha kwamba gari hilo lilizaliwa katikati ya ubishi. Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni wakati huo, alikuwa ametoa wazo kwamba Prius ijayo iwe gari la teksi tu: gari la kazi, la kwenda masafa marefu kwa mafuta kidogo, linalonunuliwa kwa sababu linafaa. Wabunifu wake hawakulipenda wazo hilo. Walitaka gari ambalo mtu akilitupia jicho mara moja, moyo umeshamwenda. Toyoda akawaachia, na gari lililoanza kuuzwa Japani Januari 2023 likawa la wabunifu: paa limeshushwa milimita 50, kioo cha mbele kimelazwa sana, rimu zimefika inchi 19 na viti vimewekwa chini. Tuzo zikafuata. Likawa Gari la Mwaka Japani kwa msimu wa 2023–2024, na likachukua tuzo ya namna hiyo Amerika ya Kaskazini mwaka 2024. Sifa hizo ni za haki, lakini zilitolewa na watu walioliendesha likiwa jipya, kwenye barabara za nchi zao. Msomaji wa Mbinga ana swali lingine. Hoja ya sura hii ni kwamba starehe ya gari la haibridi kama Prius, linalotumia petroli na umeme, katika milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa, haikai kwenye yale yanayoonekana siku ya kwanza. Inakaa kwenye namna gari linavyoteremka, linavyopanda, linavyopumua na linavyobeba. Kwa vipimo hivyo, sehemu bora ya gari jipya ni ile isiyoonekana, na sehemu inayosifiwa zaidi ndiyo itakayomsumbua abiria.

Kwanza tuangalie gari lenyewe linatufikiaje. Haibridi nyingi zinazotembea Tanzania ziliingia kama mitumba kutoka Japani: Prius za matoleo ya nyuma, Aqua, Harrier na Crown zenye mota ya umeme. Kodi yetu huadhibu uzee. Gari la abiria lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15 na lililozidi miaka 10 asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hata hivyo wanunuzi wengi huendelea kuchukua magari ya zamani, kwa sababu bei ya kuyanunulia huko yalikotoka imeshuka kuliko kodi inavyopanda. Prius iliyotoka kiwandani mwaka 2023 itatimiza miaka 8 mwaka 2031. Hapo ndipo sura mpya ya leo itakapoanza kuwa kitu cha kawaida stendi ya Mbinga, ikiwa imeshakula umri wake mzuri ugenini. Maana yake ni kwamba vingi vinavyomvutia mnunuzi wa kwanza havisafiri pamoja na gari. Redio nyingi za magari hayo zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, yanayoanzia megahezi 76 na kwa muda mrefu yaliishia 90, huku vituo vyetu vikijipanga kati ya 88 na 108. Bila kufungiwa kifaa cha kuhamisha masafa, sehemu kubwa ya stesheni haishiki. Kioo cha ramani kinadai kadi iliyobaki Osaka. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kamera inayomrudisha dereva katikati ya njia inategemea mistari iliyochorwa barabarani, na barabara ya vumbi ya kwenda Lituhi haina mstari wa kuisomea. Mapambo ya namna hii ndiyo yanayojaza kurasa za waandishi wa maoni ya kwanza, na ndiyo yanayokufa mapema.

Kisichokufa ni mlima. Mbinga mjini iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Kati ya viwili hivyo kuna tofauti ya mita 800 hivi za kimo, na barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyojengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inazimaliza katika safari ya zaidi ya kilomita 60. Upande wa pili, kurudi Songea, kuna kipande cha Peramiho hadi Mbinga cha kilomita 78, kilichowekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba uliosainiwa Dar es Salaam Februari 2008. Tabia za barabara hizi mbili ni tofauti kabisa. Ya Songea, inayopita Kigonsera na Kitai, ni ya kupanda kidogo na kushuka kidogo, mabonde na vilima vinavyofuatana. Ya Mbamba Bay ina vipande ambavyo gari hushuka na kushuka bila kupata tambarare ya kupumzikia. Hali ya hewa nayo inageuka: mtu anaondoka Mbinga ya Juni amevaa sweta, anafika ziwani anatafuta kivuli. Gari la haibridi linazijibu barabara hizi kwa namna ambayo gari la kawaida haliwezi, lakini haliipi kila moja jibu lilelile.

Haibridi ya Toyota ina injini ya petroli, mota mbili za umeme na betri ndogo, na kompyuta ndiyo inayoamua nani afanye kazi saa ngapi. Dereva akiachia mafuta au akigusa breki, mota inageuka kuwa jenereta. Magurudumu yanaizungusha, nayo inalipunguza gari mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kwenye dashibodi mishale inageuza uelekeo, kutoka tairini kwenda betrini, na vijiti vya chaji vinaongezeka kimoja kimoja. Kwa anayeteremka mlima hiyo inaonekana kama mafuta ya bure. Tuipige hesabu. Gari lenye uzito wa tani 1.7, pamoja na watu na mizigo, likishuka mita 100 za kimo linaachia nishati ya takriban kilowati-saa 0.46. Upepo na msuguano wa tairi vinachukua sehemu yake, na sehemu nyingine inapotea katika kugeuza mwendo kuwa umeme. Betri ya Prius ya toleo la tatu ina ukubwa wa takriban kilowati-saa 1.3, na kompyuta haiiruhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Nafasi inayotumika kwa kweli ni nusu kilowati-saa hivi. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali, baada ya kushuka mita 200 hivi za kimo, betri imeshajaa na mlima bado uko chini yako. Kilichookolewa ni sawa na kazi ya chini ya robo lita ya petroli. Ni faida, lakini si utajiri.

Jambo kubwa ni kinachofuata betri ikishajaa, na hapa ndipo starehe ya kweli inapojificha. Kwenye gia za magari haya, karibu na D, kuna herufi B. Dereva akiiweka hapo, mota inaizungusha injini bila kuichoma petroli, na ule ugumu wa injini unakuwa breki. Injini inapiga kelele, mlio unapanda, na asiyejua hudhani gari limeharibika. Wengine hurudisha D haraka na kuendelea kukanyaga breki hadi pedi zinanuka. Kelele ile ndiyo usalama wao. Ni kazi ileile ambayo dereva wa Fuso huifanya kwa gia nzito, na ambayo madereva wengi wa magari ya otomatiki wameisahau. Breki za miguu zinabaki baridi, zinasubiri kona, mbuzi au bodaboda. Ukisoma maelezo ya wanaolisifu gari jipya, utakuta sentensi nyingi juu ya rangi, taa na kioo cha dashibodi, na ni nadra kukuta juu ya B. Kwa anayeshuka Mbamba Bay na familia nzima ndani ya gari, hakuna kifaa kingine chenye thamani kubwa zaidi.

Kupanda ni mtihani wa pili, na hapa toleo jipya linastahili sifa zake zote. Mlimani betri ndogo inaisha mapema, na kuanzia hapo mzigo wote unabaki kwa injini. Prius ya toleo la nne, iliyotoka mwisho wa mwaka 2015, ilikuwa na jumla ya nguvu za kilowati 90, pungufu kuliko kilowati 100 za toleo la tatu; waliounda walilenga kubana mafuta na walifanikiwa, lakini mlima haukuombwa ushauri. Toleo la tano lenye injini ya lita 2.0 limefika kilowati 144. Mjini Tokyo tofauti hiyo ni ya kujifurahisha. Kutoka Mbamba Bay kurudi Mbinga na watu watano, ni tofauti kati ya gari linalolia njia nzima na gari linalopanda bila kuhangaika, linaloweza kulipita lori la makaa ya mawe ya Ngaka kwenye barabara ya Songea bila kumtia dereva kiwewe. Kazi nzito ina historia yake pia. Februari 2014 Toyota iliziita Prius milioni 1.9 za toleo la tatu duniani kote ili kurekebisha programu ya inveta, kwa kuwa gari likivuta kwa nguvu nyingi baadhi ya transista ziliweza kupata joto kupita kiasi na kulifanya gari lipungue nguvu au lisimame. Marekebisho yalikuwa bure. Mnunuzi wa mtumba hana budi kuuliza, kwa namba ya chesesi, kama gari lake lilipelekwa.

Pingamizi la kwanza linalosikika kila haibridi inapotajwa ni kwamba haya ni magari ya foleni za Dar es Salaam. Mashambani hayana kazi. Hoja hii ina mantiki, kwa sababu mota huokoa mafuta zaidi pale gari linaposimama na kuondoka mara kwa mara, na kwenye tambarare ndefu faida inapungua. Lakini anayeitoa anasahau kwamba vilima navyo ni foleni ya aina yake. Kati ya Peramiho na Mbinga gari linashuka bonde, linajaza betri kidogo, linapanda kilima na kuutumia umeme huo, kisha linashuka tena. Betri ndogo inafaa sana kwa mizunguko mifupi kama hiyo, kuliko inavyofaa kwa mteremko mmoja mrefu. Ongeza hapo kwamba injini yenyewe imeundwa kwa ubahili: ya toleo la nne hufikia ufanisi wa asilimia 40 ikiwa kwenye mwendo wake mzuri, wakati injini nyingi za petroli hubaki nyuma ya hapo. Na ubahili una maana zaidi huku kuliko Dar es Salaam. Bei kikomo za mafuta ambazo mamlaka ya EWURA huzitangaza kila mwezi hupanda kadiri mji unavyokuwa mbali na bandari, na Mbinga iko mbali na Mtwara na mbali zaidi na Dar es Salaam. Lita moja iliyookolewa Mbinga ni ghali kuliko lita iliyookolewa Kariakoo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: betri. Watu husema betri kubwa ikifa gari limekufa. Ukweli ni kwamba betri ya nikeli ya matoleo ya zamani imeundwa kwa moduli, na fundi mwenye vifaa anaweza kuipima moja moja na kubadilisha zilizochoka. Hata hivyo moduli mpya ikiunganishwa na za zamani hazizeeki kwa pamoja, na mara nyingi anayetengeneza hivyo hurudi gereji baada ya muda. Nchini Marekani Toyota huidhamini betri ya magari yaliyotoka tangu modeli za 2020 kwa miaka 10 au maili 150,000, jambo linaloonyesha kwamba mtengenezaji mwenyewe haiogopi. Dhamana hiyo haivuki bahari, lakini sababu zinazoiua betri zinavuka, na kubwa kati ya hizo ni joto. Betri hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni ndogo kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lenye matundu madogomadogo lililo kando au chini ya kiti cha nyuma. Msimu wa mavuno ya kahawa Mbinga ni msimu wa vumbi, na vumbi jekundu lililochanganyika na nyuzi za magunia hutengeneza utando kwenye feni hiyo. Gunia la kahawa likilazwa kiti cha nyuma linaliziba tundu lenyewe. Feni inazunguka, hewa haipiti, betri inachemka, kisha mtu anailaumu teknolojia. Kusafisha feni ni kazi ya fundi yeyote mwangalifu mwenye bisibisi na brashi, baada ya kuukata umeme wa betri kubwa kwa utaratibu wake. Gari linalohudumiwa hivyo linaweza kulipa, lililoachwa litadai.

Pingamizi hilo lina upande mwingine ambao watu hawausemi. Haibridi ina vitu vichache vya kuchakaa kuliko inavyodhaniwa. Prius ya toleo la tatu haina mkanda hata mmoja kwenye injini. Pampu ya maji inaendeshwa kwa umeme, kompresa ya kiyoyozi pia, na hakuna staata wala altaneta ya kawaida. Ndiyo maana kiyoyozi kinaendelea kupoza ziwani hata injini ikiwa imezimika, starehe ambayo abiria anaitambua bila kuelezwa. Asubuhi ya baridi Mbinga mambo yanageuka: joto la ndani ya gari linatokana na injini, kwa hiyo injini itawaka na kubaki inawaka, na mafuta yatakwenda zaidi. Pedi za breki hudumu kwa sababu mota inazipunguzia kazi. Anayehesabu bei ya betri peke yake, bila kuhesabu mikanda, altaneta na pedi asizonunua, anapiga hesabu nusu.

Sasa tugeukie umbo, jambo ambalo wabunifu walishinda. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Paa lililoshushwa linamkata kichwa abiria mrefu wa nyuma, na mlango wake ni mdogo kwa mzee au mama mwenye mtoto mgongoni. Mbinga gari dogo huendeshwa na mtu mmoja na kupandwa na wengi; kiti cha nyuma ndicho kinachofanya kazi, na ndicho kilichotolewa kafara. Rimu za inchi 19 zimevishwa tairi za ukubwa wa 195/50, ambazo ubavu wake ni mfupi. Kwenye lami zinashika vizuri. Zikigonga shimo, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye rimu, shokapu na mgongo wa abiria. Tairi za 195/65 kwenye rimu ya inchi 15, zilizotumika kwenye Prius za nyuma, zinavumilia zaidi na zinapatikana kwenye maduka mengi ya tairi. Uvungu nao ni wa sentimita 14 hivi kwa Aqua na Prius za kawaida, kiasi kinachotosha lami na kushindwa na makorongo ya masika. Ukiacha lami kuelekea vijiji vya milimani, au ukiifuata njia ya mwambao kupitia Liuli, unaihitaji Land Cruiser au bodaboda. Kumwambia mtu vinginevyo ni kumdanganya.

Atakuwepo wa kusema kwamba haya yote ni anasa, kwamba wilaya ya wakulima wa kahawa na mahindi inahitaji Noah na Probox, na starehe ibaki kwa wenye nazo. Lakini starehe kama tulivyoipima hapa haihusu ngozi ya viti. Breki zisizochemka mteremkoni zinaokoa maisha. Injini isiyohangaika mlimani inapunguza uchovu wa dereva anayekwenda Songea na kurudi siku hiyohiyo. Hata ukimya, unaosifiwa mno, una gharama yake upande wa pili: gari linalotembea kwa umeme ndani ya mji halisikiki, na wanafunzi, mbuzi na waendesha baiskeli wa Mbinga wamezoea kulisikia gari kabla ya kuliona. Japani ilitoa mwongozo mwaka 2010 wa kuzipa haibridi sauti ya tahadhari, na baadaye ikaifanya kuwa lazima kwa modeli mpya; magari mengi ya zamani tunayoyapokea hayana. Kimya chema kwa aliye ndani kinaweza kuwa hatari kwa aliye nje, na dereva anapaswa kulijua hilo kabla ya kujisifia.

Hukumu basi ni hii. Kwa anayeishi kwenye mstari wa lami kati ya Songea, Mbinga na Mbamba Bay, haibridi ni gari la busara kuliko sifa yake mitaani. Toleo jipya limempa nguvu za kupandia alizozikosa kwenye toleo la nne, na limemnyang'anya nafasi ya kichwa na tairi nene alizokuwa nazo. Akio Toyoda aliposema teksi, alikuwa akilielezea gari ambalo Mbinga ingelichagua. Litakapofika, usilinunue kwa macho. Keti kiti cha nyuma kabla ya kukaa cha mbele, uliza rimu ndogo zinazolingana nalo, omba vipimo vya betri kwa kompyuta, chungulia tundu la feni kwa tochi, kisha mwambie muuzaji mteremke naye mlima mkiwa kwenye B. Akikuuliza B ni ya nini, tafuta muuzaji mwingine.